Friwili Zilizochomelewa

Mimi Mboje nina mdomo, sikatai. Miaka tisa nimekuwa nahodha wa timu yetu ya baiskeli hapa Bariadi, na miaka yote hiyo, kwenye kilima natangulia mimi, wengine wanafuata mgongo wangu. Ndiyo ilikuwa amri yangu. Anayeitaka nafasi ya mbele asubiri tumalize kupanda, ndipo kila mtu ajitafutie riziki yake.

Januari hatuna mashindano. Mashindano huja pamba ikishauzwa, watu wakiwa na nafasi ya kushangilia. Wakati wa palizi baiskeli za mbio tunazitundika ukutani, na sisi wanne, mimi, Bundala, Masunga na Joakim, tunaendesha zile nzito za kubebea magunia ili miguu isisahau. Mwaka huu kocha wetu, mama Wilhelmina, alikuja na jambo jipya. Alizipeleka baiskeli zote nne kwa fundi Marcelo, akamwambia azichomelee friwili.

Friwili ndiyo inayokuruhusu uache kukanyaga huku tairi likiendelea kuzunguka, nayo hulia tik tik tik ukiwa umepumzika. Ikishachomelewa, basi. Tairi likizunguka pedali zinazunguka, na miguu yako pia, utake usitake. Breki tuliachiwa ya mbele tu. Siku ya kwanza Masunga alijisahau kwenye mteremko, akataka kutuliza miguu kama kawaida, pedali zikamrusha hadi kwenye mahindi ya watu. Tulicheka mpaka mwenye shamba akatoka na jembe.

Mimi jambo hilo lilinifurahisha, kwa sababu nilikuwa na kesi na Joakim. Ana miaka ishirini na minne, mimi thelathini na tisa, na baiskeli nilimfundisha mwenyewe. Tatizo lake, nilivyoona, ni uvivu. Kila tukipanda kilima nasikia friwili yake ikilia nyuma yangu. Mimi mbele jasho linanitiririka, yeye nyuma anapumzika. "We Joakim," namwambia, "unakaanga bisi huko?" Wenzake wanacheka, yeye anainamisha kichwa. Friwili za wale wawili nazo zilikuwa zinalia, lakini masikio yangu yalishachagua mtu.

Mashindano ya Julai timu inapeleka watatu tu. Jumatano nikampigia kocha, ambaye sisi humwita mayu, yaani mama.

"Mayu, tusipoteze muda. Wa kuachwa ni Joakim. Yule ni mvivu."

"Una uhakika, Mboje?"

"Mwaka wa pili huu namsikia."

"Haya. Wewe ndiye unayekuwa nao barabarani," akasema. "Nitaongea naye."

Jumamosi asubuhi tulikutana, tukaamkiana "mwangaluka", tukashika njia ya Ngulyati. Joakim aliitika salamu yangu vizuri tu. Mvua ilikuwa imenyesha, na pande zote mbili watu walishainama kwenye pamba na majembe yao. Kwenye tambarare tulikwenda vizuri, tairi kwa tairi. Kisha barabara ikaanza kupanda.

Nilikuwa mbele. Goti langu la kulia, ambalo sikuwahi kulitaja hata kwa mke wangu Kabula, likaanza kuuma. Nyuma yangu hapakuwa na mlio wowote, na nikafurahi moyoni. Leo hakuna wa kupumzika. Mara tairi la Joakim likagusa langu.

"Angalia mbele," nikamfokea.

"Samahani, kaka."

Likagusa tena. Akachepuka kulia asinigonge, akanipita. Bundala naye akanipita, na Masunga. Hawakuwa wakihangaika hata kidogo. Masunga alikuwa amefunga mdomo, anapumua kwa pua. Walipofika mbele yangu niliwaona wakizizuia pedali kwa nguvu ya miguu, ili wanisubiri, lakini kwenye kupanda ukiizuia pedali iliyochomelewa baiskeli inasimama uanguke, ikabidi wazidi kwenda.

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku zote zile walikuwa wanaacha kukanyaga ili wasinigonge, na friwili zikilia mimi nasema wamechoka. Mwaka jana tulipotoka wa tano niliwagombeza wao, na aliyekuwa ameziba njia ni mimi. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Juu ya kilima nikawakuta wameshuka, wanaangalia mashamba badala ya kuniangalia mimi.

"Mlijua?" nikauliza.

"Tangu goti lilipoanza, kaka," Bundala akasema.

"Mbona hamkusema?"

Nikamvuta Joakim pembeni, nikamweleza niliyomwambia kocha juu yake. Niliyasema haraka, nisije nikabadili mawazo.

"Najua," akasema. "Aliniita jana jioni."

"Na bado leo umekuja?"

"Mazoezi ni mazoezi."

"Sasa si ungemwambia ukweli?"

"Ningemwambiaje, kaka? Niseme aliyenishikia keria nikijifunza, sasa kilima kinamshinda? Hilo lisingetoka kwangu."

Niliumia kuliko ambavyo goti lingeweza kuniumiza. Nikatoa simu, nikampigia kocha palepale, wote watatu wakisikia.

"Mayu, Jumatano nilikosea. Joakim si mvivu. Ni mimi ninayewachelewesha, goti langu limekwisha. Wa kuachwa ni mimi."

Akauliza, "Na unahodha?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilipoinua simu nilidhani nitaacha mashindano tu, nibaki na jina la nahodha.

"Huo nao," nikasema. "Mpe Joakim."

Joakim akageuza uso, akajifanya anakagua mnyororo. Masunga alitaka kusema kitu, Bundala akamshika mkono.

Tukageuza baiskeli kurudi mjini. Wale wawili walipanda, Joakim akabaki amesimama, mkono kwenye usukani. Alikuwa ananingoja nitangulie, kama alivyozoea.

"Nenda," nikamwambia. "Na usinipunguzie mwendo."

"Kaka, tunaweza tu kwenda pole…"

"Joakim. Usipunguze."

Hakupunguza. Kabla sijamaliza kilomita ya tatu, nilikuwa siwaoni tena.