Safu Moja ya Nguzo

Maabarani walimwita Wembe, kwa kuwa hakuna aliyekata tishu nyembamba kama yeye. Vipande vilitoka chumba cha upasuaji. Yeye alivigandisha katika nta, akavikata kwa mashine na kuvitia rangi ili daktari wa hadubini avisome. Kwa miaka kumi na tisa alishika kanuni moja: kila kipande kingoje zamu yake.

Jumanne hiyo aliivunja. Chupa ya mwisho ilikuwa na kifuko cha nyongo cha wifi yake, mke wa kaka yake. Daktari wa upasuaji alikuwa amegusa sehemu ngumu ukutani mwa kifuko, akasema tu, "Tusubiri majibu." Wembe akaipitisha chupa mbele ya foleni nzima.

Kesho yake asubuhi daktari wa hadubini akamwita.

"Hii sikuipenda," alisema. "Ndani ya nyongo nategemea safu moja ya seli ndefu, zimesimama kama nguzo za baraza. Hapa zimerundikana tabaka tatu, nne. Tazama."

Wembe akainama. Kweli, viini vya zambarau vilikaliana kama magunia ghalani. Safu moja ndiyo desturi ya sehemu nyingi za ndani ya mwili: mishipa ya damu ina yake ya seli bapa kama vigae, mifereji ya figo ina yake ya michemraba, nyongo ina nguzo. Nguzo zikianza kupandana, huenda ni saratani inabisha hodi.

Sauti ya wifi yake ikamjia masikioni: "Wifi gani wewe, kazini unakata nyama isiyoonekana, nyumbani mkate unakwenda upande kama kofia ya mlevi!"

Lakini Wembe hakuwa mtu wa kulia kabla ya kuhakikisha. Aliisogeza slaidi, kile kioo chenye kipande, polepole. Pembezoni safu ilikuwa moja, safi. Katikati ndipo seli zilipopandana, na hapo hakuiona sakafu ambayo nguzo zote husimama juu yake. Nguzo zisizo na sakafu? Akakumbuka jana alivyoharakisha juu ya nta ya moto.

"Daktari, kosa ni langu. Kipande nimekilaza. Kilitakiwa kisimame kwa ukingo, kisu kishuke wima. Nimekata mshazari, safu moja ikaonekana nyingi."

"Au zimepandana kweli, ila wewe hutaki?"

"Ndiyo maana nakikata upya. Siombi uniamini."

Daktari alimtazama juu ya miwani. "Chupa ya nani hii?"

"Ya wifi yangu."

"Ahaa. Methali ya haraka unaijua, sitakusomea."

Wembe akayeyusha nta. Akakisimamisha kipande kwa kibano, akakishikilia mpaka nta ikaanza kuganda. Safari hii hakuruka foleni. Vipande tisa vya watu wengine vilitangulia, na kwa kila kimoja kisu kilipita taratibu.

Alasiri daktari alikaa kwenye hadubini muda mrefu, akaisoma slaidi yote, na ile sehemu ngumu akairudia mara mbili. Kisha akasogeza kiti.

"Njoo uone baraza lako."

Safu moja. Nguzo ndefu, bega kwa bega, viini vyote vimekaa chini kwa usawa mmoja, sakafu imenyooka.

"Na ule ugumu?"

"Kovu. Mawe yamekwaruza hapo miaka mingi. Saratani hakuna." Akatia sahihi.

Wembe akakaa kwenye stuli, akacheka peke yake. Kumwambia wifi haikuwa kazi yake; nyumbani akanywa chai, simu akaiacha mezani.

Kesho yake simu yake ikalia maabarani.

"Wifi! Mawe tu, jamani! Daktari kasema mawe tu!"

"Hongera, wifi yangu."

"Mbona hushangai? Ulijua wewe! Usiku kucha nazunguka chumbani kwa wasiwasi, nawe hata simu hukunipigia!"

"Majibu hutolewa na daktari."

"Mchawi mkubwa! Leo upite hapa nikukatie mkate, uone unavyokatwa."

"Napita."

Jioni, kabla ya kuvua koti, Wembe alifungua daftari la makosa ya maabara. Kwa miaka kumi na tisa jina lake halikuwamo. Akaandika: *Kipande kililazwa. Kimekatwa upya.* Akatia sahihi, akazima taa ya hadubini.