Kware Chini ya Supu

Miaka ishirini na mbili nilitembeza wageni katika kasri la Vranín, nikiwahesabia wamiliki wake kana kwamba nahesabu wajomba zangu. Wa kwanza walikuwa mabwana wa Vranín wenyewe, majambazi tu, waliojenga mnara ili wawaone wachuuzi wakipita njia ya kwenda mji wa Olomouc. Vita vya dini vilipokwisha, Kaizari akawanyang'anya na kumpa kapteni mmoja mgeni aliyejua kuchagua upande. Kitukuu wake akaongeza bustani na ngazi za marumaru. Kilembwe akalipoteza kasri lote kwenye meza ya karata, na hapo wageni walicheka kila siku. Kisha nilisema, "Mwaka 1939 mmiliki wa mwisho aliondoka," nikarukia serikali, na ushirika uliojaza viazi ndani ya kanisa dogo. Wakacheka tena.

Jina la huyo aliyeondoka nililijua. Enzi za chama cha kikomunisti, maneno ya kuwaambia wageni yaliletwa kutoka wilayani, na jina hilo halikuwamo. Lakini chama kilikuwa kimeshaanguka, hakuna aliyenizuia, na bado niliendelea kuliruka. Nyumba nyingi za kijijini kwetu zina kitu kilichotoka kule juu kasrini: saa, kiti, zulia. Ukilitaja jina umefungua makabati ya watu.

Agosti 1992, Jumapili ya sikukuu ya kanisa letu, mwanamke mmoja wa miaka sitini na kitu alinyoosha mkono kutoka nyuma ya kundi.

"Samahani. Huyo aliyeondoka mwaka 1939, alikwenda wapi?"

Aliongea lugha yetu vizuri, ila ya kizamani, kama bibi zetu walivyoongea.

"Haijulikani," nikasema.

"Inajulikana. Hakuondoka, alitolewa. Baadaye Wajerumani walimpeleka kambini, yeye na mama, kwa kuwa tulikuwa Wayahudi, wakafia huko. Aliitwa Emil Tauber. Mimi ni Edita, binti yake. Walinipandisha treni ya kwenda Uingereza nikiwa na miaka kumi na mitatu."

Kundi zima likamgeukia. Uso uliniwaka. Nikamkaribisha chakula cha mchana nyumbani, maana siku ile kwetu mgeni haachwi aende na njaa.

Mama yangu, Apolena, alikuwa na miaka themanini na miwili na bado hakumruhusu mtu kugusa jiko lake. Nilimwambia tuna mgeni kutoka Uingereza, nikaandaa meza. Nikatoa sahani nzuri, zile za sikukuu, kwa sababu siku hiyo kwetu hakuna anayetumia nyingine. Sikufikiri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba sikufikiri hata kidogo.

Mama akapakua supu ya kuku yenye tambi, ikajaa hadi ukingoni. Edita hakushika kijiko.

"Zina ndege chini," alisema taratibu. "Kila sahani na ndege wake. Hii yangu, kwa huu ufa wa pembeni, ina kware. Mguu mmoja hana. Niliukwangua mimi kwa uma, baba akaninyima keki siku mbili."

Chini ya supu ile hakuna ambacho angeweza kukiona. Lakini kware nilimjua. Utotoni tulimwita Kilema, na aliyempata alitaniwa mpaka machozi.

"Mama alizinunua mnadani, mjini Brno," nikasema haraka. "Zamani sana."

Mama alisimama na upawa mkononi, akanitazama. Edita akachukua kijiko, akala supu yote, na kware wa mguu mmoja akatokea.

"Supu tamu sana, Bi Apolena," alisema.

Kisha tukala bata bukini. Mlangoni Edita alinishika mkono. "Sahani sizitaki, meza yangu ni ndogo. Nataka jina la baba yangu litajwe kule juu kila siku, pamoja na hayo mengine. Basi."

Alipoondoka, Mama aliketi.

"Mnada gani huo, Zdislava?"

"Ulitaka niseme nini mbele yake, Mama?"

"Sijui. Ila ungeniuliza mimi. Nina mdomo." Akafuta meza iliyokuwa safi. "Vita vilipokwisha kila mtu alipanda kule juu na mkokoteni. Watu wanasema hawakujua. Mimi nilijua wenyewe hawarudi. Ndiyo maana nilichukua."

Jumatatu, kasri likiwa limefungwa, nilizipandisha sahani zote kumi na moja na kuzipanga katika chumba cha kulia. Nikaandika kadi: "Sahani za familia ya Emil Tauber, mmiliki wa kasri 1924–1939. Zilitunzwa na wanakijiji." Niliisoma mara tatu, nikajiona mwanamke jasiri.

Jumanne, katika kundi la kwanza, nikamwona Mama. Alikuwa amepanda kilima chote kwa fimbo yake. Nilihesabu wamiliki, nikalitaja jina la Emil Tauber, na sauti haikunikatika. Chumbani kwenye sahani Mama alivaa miwani, akainama juu ya kadi.

"Nani alizitunza?" akauliza kwa sauti.

"Mama, tafadhali," nikanong'ona.

"Nauliza tu. Mimi sikumtunzia mtu. Nilizichukua, nikazilia chakula miaka arobaini na saba. Andika hivyo. Na uandike jina langu. Wanakijiji waache, watajisemea wenyewe."

Mwanamume mmoja alicheka, akidhani ni mchezo tuliouandaa kwa ajili yao. Wengine walinitazama mimi, wakisubiri. Nikatabasamu lile tabasamu langu la kazini.

"Mtuwie radhi," nikawaambia. "Huyu bibi ni mzee, anachanganya mambo."

Huyu bibi. Ndivyo nilivyosema, na mama yangu yuko hatua mbili kutoka kwangu. Hakugombana. Alininyooshea kiganja.

"Nipe kalamu, dada," akasema, kama mtu asiyenijua.

Nikampa. Akakata "zilitunzwa na wanakijiji" kwa mistari miwili, na kwa herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la tano akaandika: NILIZICHUKUA MIMI, APOLENA ŠTĚRBOVÁ, MEI 1945. Akanirudishia kalamu, akashuka kilima peke yake.

Alifariki miaka miwili baadaye. Kadi bado ipo, na jina la Emil Tauber nalitaja kila siku, halinishindi. Lakini wageni wakisoma kadi huuliza huyo Apolena alikuwa nani. Mara nyingi nawajibu kwamba alikuwa mama yangu. Mara nyingi, si kila mara.