Kura ya Kokoto

Ploti yetu ya Kawangware ilikuwa inachagua mtunza bomba, na mimi ndiye niliyewaambia wapangaji habari za Serbia.

Mtunza bomba hukaa na ufunguo wa maji. Mwenye ploti, Mzee Kihara, alimtaka mpwa wake Antony, ambaye alilifunga bomba kila alipokasirika. Sisi tulimtaka Nafuna, mshonaji wa chumba cha mwisho. Lakini uchaguzi uliopita tulipiga mlolongo, kila mtu nyuma ya mtu wake, na Omolo akasimama upande usiompendeza mzee. Kesho yake Kihara akamng'olea mlango. Omolo na watoto wake walilala na pazia mpaka walipohamia Soweto, kule Kibera.

Mama alisema safari hii atasimama na Nafuna, mlango na uende. Hapo nikaogopa, nikakumbuka historia niliyosoma chuo cha ualimu.

"Enzi za wafalme, Serbia walichagua wabunge kwa vijipira," niliwaeleza kwa sauti ndogo. "Unashika kimoja, unaingiza ngumi kwenye kila sanduku, unakiachia katika moja. Hakuna anayejua ni lipi."

"Hiyo Serbia unashukia Dagoretti Corner ama?" Nafuna akauliza. Wakacheka, lakini wakakubali. Hata Kihara alikubali. Ulikuwa mwaka wa 1992, mlolongo ulikuwa umefutwa nchini, na hakutaka kuonekana mtu wa zamani.

Jumapili baada ya kanisa nikaweka mikebe miwili ya mafuta ya kupikia juu ya stuli, mmoja wa Antony, mmoja wa Nafuna, nikaifunika kwa leso. Vijipira hatukuwa navyo. Niliokota kokoto.

Antony akatangulia. Ngumi kwenye mkebe wake: tang! Kwenye mkebe wa Nafuna: kimya.

Kihara akatabasamu, akavuta kiti karibu.

Kumbe ndiyo maana Waserbia walitumia mpira: haulii! Kitabu kilisema, mimi nikapita juu juu. Na aliyefuata kwenye foleni alikuwa mama.

"Haya, mama wa mwalimu," Kihara akasema. "Hebu tusikie."

"Ngojeni," nikasema. Hakuna aliyenisikia. "Ngojeni!"

Nikavua kitambaa cha kichwa, nikakirarua vipande viwili, nikavitandika ndani ya mikebe.

"Hiyo ni ya nini?"

"Mikebe ina kutu, mzee," nikadanganya. "Isije ikakata watu."

Mama akaingiza ngumi hapa, akaingiza pale. Kimya. Kihara aliinamisha kichwa kama anayesikiliza redio yenye betri zinazokwisha. Wengine wakapita, mmoja mmoja. Kimya.

Tulipomimina, mkebe wa Antony ulitoa kokoto yake na nyingine chache. Wa Nafuna ulifurika juu ya stuli, zikadondoka chini. Kihara akaondoka bila kuaga.

Asubuhi nilisikia hatua zake uani, nikachungulia kwenye ufa. Alikuwa na nyundo. Aliutazama mlango wa jirani, akatazama ule wa pili, akarudisha macho kwetu. Hakujua ang'oe upi. Nyuma yangu mama alikuwa ameshashika ndoo.

"Akeyo, nyathina, mwanangu, fungua mlango," akasema. "Nafuna ameshafungulia maji."