Shada kwenye Mtutu wa Kifaru

Soko zima la maua la Bangkok hakuna aliyefika London isipokuwa Prayong. Ndivyo alivyopenda kuwatambia wenzake, mkono kiunoni, na kabla hawajamaliza kuguna alijikatiza mwenyewe: sawa, hakufika yeye, ilifika picha yake gazetini. Tena si picha yake yote, ni kisogo na sikio moja. Lakini sikio lilitoka vizuri.

Siku hizi hata mzaha huo ulimshinda. Maktaba ilikuwa imefungua maonyesho ya magazeti ya kigeni, namna wazungu walivyoiandika nchi ya akina Prayong tangu enzi za mababu, na kile kisogo kilitundikwa ukutani, kikubwa kama mlango. Prayong wa mwaka 1976, amesimama kwa ncha za vidole, anauvisha mtutu wa kifaru shada la yasmini. Chini yake maandishi: "Wakazi wa Bangkok wawashangilia wanajeshi waliotwaa madaraka."

"Nimshangilie nani?" alifoka mbele ya Fon, binti wa maktaba. "Kifaru kimenikalia kigoda changu cha kuuzia maua, nimshangilie nani?"

Kila chombo cha safari kina Mae Yanang wake, mzimu wa bibi mlinzi anayekaa puani mwa chombo. Dereva wa teksi humvisha shada, mwenye mtumbwi humvisha shada. Siku ile askari mwenye kifaru alikataa kusogea, kwa hiyo Prayong akamruka na kupeleka kesi kwa bibi wa kifaru mwenyewe. Na pua ya kifaru ni ipi, kama si mtutu?

Wazungu kutoelewa ni shauri lao. Kilichomchoma ni Amphai, mdogo wake. Juma lilelile wanafunzi walipouawa chuoni, mchumba wa Amphai alikimbilia msituni kuwakwepa wanajeshi, na hakurudi. Kisha Amphai, aliyekuwa mapokezi kwenye hoteli ya wageni, akafungua gazeti la ng'ambo na kumkuta dada yake anapamba kifaru. Akafunga mdomo. Kila Prayong alipojaribu kumweleza, aligeuza mgongo. Miaka arobaini na minane wamekaa kichochoro kimoja, na hata chumvi Amphai humwomba kupitia kwa jirani.

Na Ijumaa Amphai angekuja kwenye maonyesho na wastaafu wenzake. Prayong alitaka yale maandishi yarekebishwe kabla ya hapo.

Mara ya kwanza Fon alimwambia alete barua. Akaleta. Mara ya pili, kitambulisho. Akaleta, na kipya na cha zamani. Mara ya tatu Fon akakuna kichwa. "Bibi, gazeti lenyewe siwezi kuligusa. Naweza kuweka kadi pembeni. Ila nahitaji shahidi."

"Nitakuletea na kifaru chenyewe, mwanangu, ukitaka."

Shahidi alikuwa mmoja tu: Mwalimu Wirot, aliyekuwa mkalimani wa mwandishi mzungu aliyeileta habari ile gazetini. Alibembelezwa siku tatu, akakubali kuja Ijumaa saa tatu. Alitokea saa tano, shati limepigwa pasi, ananukia dawa ya kuchua.

"Umechelewa, Mwalimu. Wastaafu hao wanaingia!"

"Mtu muhimu husubiriwa, dada." Akamgeukia Fon. "Andika, binti. Mimi nilisimama hapo hapo, hatua mbili. Nilimtafsiria mzungu neno kwa neno. Akaenda kupotosha mwenyewe."

"Neno kwa neno?" aliuliza Fon, kalamu mkononi.

"Kama yalivyotoka mdomoni."

Amphai alikwisha kufika. Alimpita dada yake kama anavyopita nguzo ya umeme, akasimama mbele ya picha. Chini yake palikuwa na mashine ya kusikiliza kanda aliyorekodi yule mwandishi siku ile. Ilikuwa mbovu juma zima, fundi alikuwa ameitengeneza asubuhi hiyo. Amphai akavaa vifaa vya masikioni, akabonyeza.

Prayong alitazama mgongo wa mdogo wake. Alitamani auvute ule waya, au auvute mgongo. Amphai akabonyeza tena, akasikiliza upya mpaka mwisho. Kisha akageuka, macho yamelowa, akamwangalia Wirot.

"Mwalimu. Dada yangu hapa anasema, 'Mama, wewe ni mwanamke mwenzangu, mwondoe huyu mtoto wako juu ya kigoda changu, aende zake.' Halafu mkalimani anasema kwa Kiingereza kwamba mwanamke huyu anawashukuru wanajeshi kwa kuiokoa nchi."

Dada yangu, amesema. Prayong alishika ukingo wa meza ya Fon.

"Ningemwambiaje mzungu kwamba mtu anaongea na..." Wirot akayameza maneno. "Yaani, huyo si mimi. Wakalimani tulikuwa wawili. Mimi siku ile tumbo lilinishika, nilibaki nyumbani."

Fon aliacha kuandika. "Si umesema hatua mbili, Mwalimu?"

"Hatua mbili kutoka... ni siku nyingine."

"Ilikuwa siku gani nyingine, we mzee?" Prayong aliuliza. "Kifaru kilinikalia mara moja tu!"

Amphai alivua vile vifaa vya masikioni, akamnyooshea Wirot. "Basi sikiliza mwisho wa kanda. Mzungu anamwomba mkalimani ataje jina lake na chuo anachosoma. Anavitaja vyote viwili, taratibu kabisa, tena anamtajia herufi moja moja."

Wirot alivipokea vile vifaa kwa mikono miwili, akavitazama kama vimeepuliwa motoni sasa hivi, wala hakuvivaa.