Jeneza Lililogeuka Kibokoni

Badawi alikuwa akilipaka jeneza mafuta ya nazi. Alianza na miguu, akaja kwenye vipini, pale ambapo jasho la viganja vya watu huukausha mti, kisha akapangusa kwa kipande cha kikoi kikuukuu. Kazi hiyo aliifanya kila Alkhamisi nyuma ya msikiti mdogo wa Kibokoni, na hapakuwa na mtu mjini aliyeifanya vizuri kumshinda.

Lilikuwa jeneza la mvule, zito, lenye heshima zake. Kila aliyewahi kulichukua alijua kwamba maiti akiwa na neno moyoni, jeneza huenda atakako yeye. Mwaka uliopita mshona kofia mmoja alikataa katakata kupitishwa Ndia Kuu. Jeneza lilikata kona likapita nyuma, kwenye majaa, na waliolichukua wakafuata. Hakuna aliyeuliza sababu. Kila mtu ana chuki zake, na kufa hakuziondoi.

Badawi alikuwa mtunzaji wa jeneza hilo, na alikuwa mwizi pia. Kazi ya kwanza aliirithi kwa babake, ya pili aliitafuta mwenyewe. Tangu serikali ya Wazungu iweke askari wa forodha kila pembe ya mji, hakikupita kitu bila kufunuliwa isipokuwa maiti. Basi wafanyabiashara wasiotaka kulipa ushuru walimwendea Badawi, naye akawapitishia pembe za ndovu chini ya sanda, huku askari wamesimama wima kwa adabu. Kila alipomaliza aliswali rakaa mbili za toba, akizirefusha kadiri ya uzito wa pembe.

Siku hiyo alikuja Masha, hamali wa bohari ya tajiri Hamid. Alisimama kivulini akasubiri mpaka kitambaa kikatua.

"Salaam aleikum, Badawi."

"Aleikumu salaam. Vipi?"

"Leo Kioko alinda bohari peke yake. Na akishakula, hulala mlangoni kama gunia."

"Na hiyo pembe umeiona kwa mato yako?"

"Nimeishika. Ina ule ufa, na Dzoro aliuziba kwa nta ya nyuki. Ni ile ile."

Dzoro alikuwa nduguye Masha, mpagazi, baba mmoja mama mmoja. Alikwenda bara na msafara wa Hamid mwaka ule garimoshi lilipovuka Makupa, na msafara uliporudi yeye hakuwamo. Hamid alitangaza barazani kwake kwamba Dzoro ametoroka njiani na pembe kubwa kuliko zote. Akamchukua Mejumaa, mkewe Dzoro, akamweka nyumbani kwake kusaga na kuchota maji mpaka pembe irudi. Mji ulitikisa kichwa ukasema maskini Hamid, wapagazi wa siku hizi hawana amana. Na pembe yenyewe, kumbe, ilikuwa imelala bohari ya ndani chini ya magunia ya kopra.

Kumshitaki Hamid hakukuwa na maana. Neno la hamali mbele ya neno la tajiri ni unyoya mbele ya upepo. Kwa hiyo Masha alipanga njia nyingine: kuiiba pembe, kuivusha mpaka Kibarani, kisha kurudi nayo mchana kweupe mbele za watu na kusema Dzoro ameona haya, ameirudisha. Hamid angelipwa kwa mali yake mwenyewe, na asingeweza kusema "hiyo nilikuwa nayo". Mejumaa angetoka.

Lilikuwa shauri zuri, na Badawi alilikubali. Ila kulikuwa na mnunuzi Kilindini, kwenye meli, aliyekuwa amemwambia kwamba pembe yoyote atachukua. Nje ya mji njia ilikuwa ikigawanyika, moja kwenda Kibarani na moja kwenda Kilindini. Badawi alikuwa hajaamua atashika ipi, na kutoamua huko kulimkera kuliko dhambi zake zote.

"Sikiza," Masha alisema. "Tukishalichukua, unyamaze. Usilete dhikri."

"Mimi ni mtoto?"

"Nakukumbusha tu."

Adhuhuri ilipokwisha kuswaliwa mji ulilala. Madirisha yalifungwa, paka walijinyoosha chini ya baraza, na jua likashuka kwenye vichochoro likakaa. Kioko alikuwa amelala kwenye kizingiti cha bohari, mdomo wazi. Masha alimruka. Badawi na wachukuzi wawili wa Kilindini waliozoea kutouliza maswali walipitishia jeneza mlango wa pwani, na ndani ya giza lenye harufu ya kopra wakaivuta pembe. Ilikuwa ndefu kama mtu na baridi kupita kiasi. Badawi aliizungushia sanda, akaifunga kichwani, kiunoni na miguuni kama alivyofundishwa, na alipofika miguuni Kioko akakohoa. Walisubiri. Kioko aligeuka upande wa pili. Wakaifunika pembe kwa kitambaa cha kijani, wakatoka.

Vichochoro vya kwanza vilikuwa vitupu. Badawi alikuwa mbele kulia, Masha mbele kushoto, na kilichosikika ni makubadhi tu. Kwenye kona ya Kibokoni alisimama askari mmoja mwenye bunduki. Aliwatazama kwa muda mrefu, wanaume wanne na maiti bila msindikizaji, saa ya jua kali. Askari alifungua mdomo kama mwenye swali.

Mazoea yana taabu. Tangu utotoni Badawi hakuwahi kupita kona ile na jeneza begani bila kupaza sauti, na mdomo wake haukungoja ruhusa yake.

"La ilaha illa Llah," alinadi, kwa ile sauti nzuri aliyojaliwa, na kuta zikaipokea.

Masha alifumba macho.

Milango ilifunguka. Watu walitoka na usingizi usoni, wakivaa kofia, wakiitikia. Mombasa mtu halioni jeneza likampita: huja akaweka bega, akachukua hatua zake, akampisha mwenzake, kwa maana iko siku naye atachukuliwa. Hawaulizi ni nani. Kuuliza ni baadaye. Mshona makubadhi aliweka bega, muuza kahawa akaiacha deli yake akaweka bega, na askari yule naye akatundika bunduki mgongoni akashika kipini. Mara Badawi akajikuta amesogezwa nyuma, safu baada ya safu, kwa upole na kwa heshima, mpaka akawa anafuata mazishi yake mwenyewe kama mpita njia. Aliona kitambaa cha kijani kikielea mbali juu ya kofia.

"Umetuua," Masha alimwambia sikioni.

"Tutalipokea tena huko mbele."

"Huko mbele ni makaburini. Watataka kumlaza mwanandani. Watamlaza nini?"

Badawi alikuwa akiiona jela ya Ngomeni, lango lake na minyororo yake.

Kwenye baraza ya rafiki yake, ya mwisho kabla ya njia kuu, alikuwa ameketi Hamid, tasbihi mkononi. Alikuwa mtu wa dini na hakuwahi kukosa jeneza. Aliinuka, akavaa viatu, akaweka bega lake mbele kulia.

Hapo jeneza likasimama.

Halikutikisika. Wachukuzi walingoja kidogo, kama watu wanaomngojea mzee avute pumzi, kisha jeneza likageuka taratibu, likaanza kurudi lilikotoka. Waliokuwa mbele wakawa nyuma. "Ana neno," alisema muuza kahawa, na wengine wakasema ndiyo, ana neno, wakabadilisha bega. Lilipita kona, likapita msikiti, likashika kichochoro cha nyumba ya Hamid, naye Hamid yu chini yake, shingo imeinama. Lilifika mbele ya mlango wake wa nakshi na kuwa zito ghafla, hata wote wakalazimika kulitua.

Wakamwita Maalim Zein, imamu wa msikiti. Alikuja akitafuna tambuu, akaitema pembeni kwa adabu.

"Maiti wa nani?" aliuliza.

Watu walitazamana. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua. Kisha wote wakamgeukia mtunzaji wa jeneza, na Hamid akiwa wa kwanza.

"Badawi," alisema Hamid, "jeneza hili umelitoa nyumba ya nani?"

Badawi alitafuta uwongo, naye alikuwa na uwongo mwingi mzuri, lakini kila alioushika ulihitaji jina la mtu mwenye nyumba.

"Kwako, bwana," alisema.

Hamid alimtazama. Badawi akaona lile jambo likimwingia mtu yule: bohari, pwani, pembe. Rangi ilimtoka midomoni. Lakini angesema nini? Alishauambia mji mzima kwamba pembe ile hanayo.

"Basi ni maiti wangu," alisema Hamid kwa utulivu. "Na azikwe. Hapana haja ya kumfunua."

"Akisimama mlangoni kwa mtu, hufunuliwa," alisema Maalim Zein. "Ndiyo ada."

Akafungua fundo la kichwani. Badawi aliangalia chini. Aliposikia watu wanasema "Inna li-Llahi", aliinua macho.

Ndani ya sanda alilala Dzoro. Alikuwa mkavu kama samaki wa ng'onda, na vumbi jekundu la nyika ya Taru limemjaa nyusi. Kichwani ilibaki ngata yake ya majani ya kubebea mzigo. Ubavuni mwake palikuwa na ufa mrefu uliozibwa kwa nta ya nyuki. Mikono na miguu yake ilikuwa imefungwa kwa kamba ya kumbi yenye kitambaa chekundu, kama Hamid anavyofunga mizigo yake yote ili ijulikane forodhani.

Masha alipiga magoti. Hakulia. Aliweka kiganja juu ya ule ufa akakiacha hapo.

Mlango wa nakshi ulifunguka, akatoka Mejumaa, mikono ina unga. Watu walimpisha. Alimfuta mumewe vumbi usoni kwa ncha ya leso, shavu hili na hili, kisha akaishika ile kamba ya miguuni.

"Mwanambia katoroka," alimwambia Hamid, bila kupandisha sauti. "Mtu kafungwa miguu. Hutorokaje?"

Kichochoro kizima kilisikia. Kitambaa chekundu kila mtu alikiona, na hapakuwa na mtu asiyekijua. Askari alichutama akakigusa kwa kidole, akasimama.

"Hii ni ya bara," alisema. "Mimi ni askari wa mji."

"Atakuwa ni msimamizi wangu wa msafara aliyemfunga," alisema Hamid. "Naye kafa kwa ndui. Mungu amsamehe."

"Amin," walisema waliokuwa karibu. Maalim Zein alilirudisha lile fundo la sanda polepole.

"Funika kombe mwanaharamu apite," alisema, wala hakumtazama mtu.

Hamid alifanya yote yampasayo mwungwana. Dzoro alikoshwa nyumbani kwake kwa maji ya karafuu maiti, akavikwa sanda mpya ya bafta, na mchele wa matanga ukatolewa ghalani siku ile ile. Kamba zilikatwa kwa makasi na kutupwa pwani. Watu walisema tajiri mwingine asingemfanyia hivyo mpagazi aliyemtoroka.

Walipokuwa wakilinyanyua tena jeneza, Mejumaa aliuliza kutoka mlangoni kama sasa anaweza kwenda kwao.

"Binti yangu," alisema Hamid, "mtu wa eda hatoki nyumba. Na baada ya eda tutatazama. Dzoro kaya, karudi. Pembe ndiyo haikuya."

Masha alitaka kusema. Badawi akamshika mkono juu ya kiwiko, akamkaza hasa, mpaka Masha akaitazama ile mikono iliyomshika, kisha akamtazama Badawi usoni. Hamid naye alikuwa akimtazama Badawi. Ukiwatoa wale wachukuzi wawili, waliotoweka watu walipoanza kujaa, watu watatu tu katika mji ule walijua pembe ilikuwa wapi, na kwamba ndiyo hiyo sasa inayopelekwa makaburini, wala haitarudi tena maisha.

Safari hii jeneza halikugoma. Lilikuwa jepesi, na alasiri ilipofika walikuwa wamekwisha chimba. Kabla ya kumshusha, Maalim Zein aligeukia watu, akauliza kama iulizwavyo kwa kila maiti.

"Mwamshuhudiaje huyu?"

"Mtu mwema," waliitikia, na sauti ya Hamid ilitangulia.

Masha hakuitikia. Alikuwa amesimama ng'ambo ya kaburi, na macho yake hayakumwacha Badawi. Maalim aliuliza mara ya pili, na mara ya pili watu wakaitikia.

Badawi alijua kwamba hapo ndipo penyewe. Maneno hayakuwa mengi: pembe ilikuwa bohari kwa Hamid, hakuibiwa, mimi ndiye niliyeiiba leo. Watu wangemsikia, kwa kuwa mbele ya kaburi wazi hawasemi uwongo. Mejumaa angetoka jioni hiyo hiyo, naye Badawi angeingia Ngomeni jioni hiyo hiyo. Alivuta pumzi. Alikuwa na aibu na alikuwa na hofu, na hofu ilikuwa kubwa zaidi.

"Mwamshuhudiaje huyu?" aliuliza Maalim mara ya tatu.

"Mtu mwema," alisema Badawi, kwa sauti yake ile nzuri, na waliokuwa nyuma wakaifuata.

Nyumbani kwa Hamid, wakati huo, Mejumaa alikuwa akionyeshwa chumba cha kukalia eda. Kilikuwa kile kile alicholala tangu mwanzo, kando ya jiwe la kusagia, ila walikuwa wamemtandikia mkeka mpya.