Upande wa Picha

Jumanne asubuhi kaka mtu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi, akitafuta neno la kuielezea redio. Mdogo wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, alikuwa akiisugua redio hiyo kwa kitambaa chenye sabuni. Ilikuwa na tabia ya kuhama kituo yenyewe katikati ya habari. Kaka aliandika: "Redio. Inashika vituo vyote, haitikisiki. Kama mpya. Sababu ya kuuza: mwenyewe anahama."

Walikuwa wanahama hivyo mwaka wa sita sasa. Jirani mmoja aliyekuwa akisoma matangazo yao mtandaoni alishakuja kuwaaga mara mbili.

Kazi iligawanywa tangu mwanzo. Kaka alinunua vitu vilivyotumika na kuviandikia matangazo, maana alikuwa na maneno. Kitinda alivisafisha, akavipiga picha, akavifunga. Kila kilichoingia sebuleni kilizungushwa mpaka upatikane upande wa picha, yaani upande usio na neno. Nyumba ilikuwa imezoea hivyo kiasi kwamba hata mama, akija mgeni, alisogeza kiti cha mgeni ili atazamane na ukuta uliopakwa rangi.

Redio ilinunuliwa Jumatano na muuza dawa wa mtaa wa pili. Alhamisi Kitinda alikuwa akimweleza mama kwamba sukari imebaki kidogo, na katikati ya maneno akasema mawingu yatatanda maeneo ya juu na upepo utakuwa wa wastani, kisha akamalizia ya sukari. Mama akamwambia mwavuli uko nyuma ya mlango.

Haikuwa mara ya kwanza. Kasoro iliyofichwa na tangazo ilitoka kwenye kitu ikamwingia aliyekipiga picha. Mnunuzi alipata kitu kizima, kizima kweli, na alitoa nyota tano bila kusukumwa. Meza yenye mguu mfupi iliuzwa kwa jina la "imara", na Kitinda akaanza kuchechemea. Saa ya ukutani iliyokuwa nyuma kwa dakika arobaini iliuzwa kwa mwalimu wa hesabu kama "saa isiyokosea", na tangu siku hiyo Kitinda alifika kila mahali dakika arobaini baadaye, hata akitoka mapema, hata akikimbia.

Kilichomsumbua zaidi ni kwamba hakujua tena lipi lake. Alikuwa akisahau majina ya watu. Je, alizaliwa hivyo, au aliyapata kutoka kwa lile kabati la mafaili waliloliuza, lililokuwa likipoteza karatasi? Alikuwa na donge kooni kila jioni, na hakukumbuka kuwahi kupiga picha kitu chochote chenye donge. Alimuuliza mama.

"Ulipokuwa mtoto ulikuwa unaogopa kuoga," mama alisema. "Hilo ni lako kabisa. Mengine, mwanangu, nitakudanganya."

Ijumaa ofisi ya maji ilitangaza nafasi ya kupokea simu za wateja. Mwombaji alitakiwa kuweka picha na maelezo yake kwenye ukurasa wa ofisi, kisha afike kwa usaili Jumatatu saa tatu asubuhi. Kitinda aliitaka kazi hiyo kwa moyo wake wote. Alitaka kukaa kwenye kiti ambacho hakiuzwi. Lakini nani angempa simu mtu anayehama kituo?

"Kaka, hariri matangazo mawili tu," aliomba. "La redio na la saa. Andika ukweli."

Wote wawili walijua ingefaa. Mwaka uliopita waliuza godoro lililobonyea, likaitwa "tambarare", na mgongo wa Kitinda ukaingia ndani katikati. Kwa kuogopa malalamiko, kaka aliongeza maneno mawili, "limebonyea kidogo". Jioni hiyohiyo mgongo ulinyooka, na mnunuzi akapiga simu akipiga kelele.

"Mwalimu wa hesabu achelewe darasani kwa ajili yako?" kaka alisema. "Mtu ametoa nyota tano. Nani ananunua ukweli?"

"Fundi wa kola alinunua."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Siku moja kaka akiwa hayupo, Kitinda aliandika tangazo mwenyewe: "Pasi. Inapata moto upande wa kulia tu. Waya umefungwa kwa utepe mweusi, inchi tatu kutoka kwenye plagi, tazama picha ya pili. Inafaa kola na mikono ya shati. Shuka hapana." Ilichukuliwa ndani ya saa moja na mwanamke anayeshona kola, ambaye alisema ndiyo hasa aliyoitafuta. Kitinda alijikagua siku tatu nzima asipate kitu kipya mwilini.

"Ile ilikuwa bahati," kaka alisema. Akamtazama mdogo wake akielekea jikoni kwa kuchechemea, na roho ikamuuma, kwa sababu alimpenda. Tangazo lililohaririwa hakulipenda, lakini Kitinda alimpenda. Ndipo akapata wazo.

"Maelezo yako nitayaandika mimi," alisema.

Jumamosi wakakaa sebuleni. Mikono ya kaka ilikuwa na grisi ya feni, hivyo mama ndiye aliyeshika simu. Alimsogeza Kitinda karibu na dirisha, akamgeuza kidogo kushoto, akambonyeza bega, akapiga picha. Kaka akaandika kwa kidole kimoja: "Binti. Hali nzuri sana. Anawahi. Ana sauti thabiti. Hana kasoro yoyote."

Kitinda aliyasoma maelezo hayo mara mbili. Alirekebisha herufi moja kwenye neno "thabiti", akamrudishia kaka simu, naye akatuma. Mama akauliza kama picha imetoka vizuri. Kama kuna aliyefikiria jambo jingine, hakulisema.

Jumatatu Kitinda alifika ofisi ya maji saa tatu kasorobo. Alipanda ngazi kwa miguu miwili iliyo sawa. Msimamizi, mwanamke aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba, alimpa karatasi asome kwa sauti, naye akaisoma yote bila wingu hata moja. Akaambiwa aanze kesho saa mbili.

Alirudi akiwa na furaha mpaka mlangoni. Mama alikuwa akitoka jikoni na vikombe, anachechemea.

"Mama, nimepata kazi!"

Mama alimtazama, akapita kupanga vikombe mezani. Dakika arobaini baadaye, Kitinda alipokuwa uani akianua nguo, alimsikia mama akipiga vigelegele peke yake sebuleni. Mama hakuwa mtu wa safari, kwa hiyo kuchelewa kulimkaa kwenye majibu.

Kaka alikuwa kwenye ndoo yake. Alikuwa ameshaelewa, au alikuwa ameelewa tangu Jumamosi. Usoni kwake mambo hayo mawili yalifanana.

"Naweza kuhariri sasa hivi," alisema. "Niandike kila ulichokuwa nacho, kikurudie. Lakini ofisi nao wataona."

"Wataniacha?"

"Ungekuwa wewe ungemchukua?"

Kitinda alijaribu kuona aibu na furaha kila moja mahali pake, akashindwa, zilikuwa zimechanganyika. Alikwenda akapiga magoti mbele ya kiti cha mama.

"Mama, kasoro zangu zimekuja kwako. Unataka zirudi? Sema tu, zitarudi leo."

Na alimaanisha. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika tano. Alikaa chini kusubiri. Mama alikuwa akichambua maharage, akitoa mawe moja moja na kuyapanga pembeni ya sinia. Zilipita dakika kumi, zikapita ishirini. Kaka alitoka, akarudi na feni, akaanza kutafuta upande wake wa picha. Dakika ya thelathini na tano Kitinda alikumbuka kwamba blauzi yake ya kazi ilikuwa chafu na sabuni imekwisha, na duka lilifungwa saa kumi na mbili. Angeweza kusubiri dakika tano. Aliinuka akaenda dukani.

Aliporudi, mama alikuwa ameshajibu.

"Kasemaje?" alimuuliza kaka.

"Alianza vizuri. 'Mwanangu, mimi nina...' Halafu ikaingia bei ya mahindi, na barabara iliyofungwa kwa matengenezo. Mwisho akasema asante."

"Asante ya nini?"

"Sijui. Labda ya mtangazaji."

Mama aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyekwisha kusema lake. Kitinda angeweza kumuuliza tena. Ingetaka dakika arobaini nyingine, na blauzi ilihitaji muda wa kukauka. Alikwenda kuiloweka.

Asubuhi alifika kazini saa mbili kasorobo, wa kwanza kuliko wote.