Albamu ya Maboksi ya Biskuti

Mara ya kwanza Maame Ekuwa alipopotea, alikutwa stendi ya Saltpond, miguu peku, akimwuliza kila dereva kama anakwenda kwao. Mara ya pili alivuka barabara kuu ya Accra, na lori la samaki likamkosa kidogo sana. Mwanawe wa kiume, Ebo, anayeishi Tema, akampigia simu dada yake Araba, aliyekuwa akiishi na mama yao.

"Dada, funga geti tu. Utafanyaje sasa?"

Araba akafunga geti. Alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda chake sokoni, na wateja wa kutosha. Akakifunga hicho nacho, akarudi nyumbani na mkasi wake na gunia la vipande vya vitambaa. Kuanzia siku hiyo sisi majirani tukawa tunamwona kupitia nondo za geti tu, akianika nguo za mama yake, akizianua, akianika nyingine.

"Twende nyumbani," Maame alikuwa akisema tangu asubuhi.

"Hapa ndipo nyumbani, Maame. Nyumba hii umeijenga mwenyewe."

"Sawa. Basi tutakwenda lini?"

Araba alinisimulia baadaye kwamba kuna mchana aliingia chooni akajifungia, akakaa sakafuni, kwa sababu kile ndicho chumba pekee ambacho mama yake hakumfuata ndani. Hata huko alimsikia akikwaruza mlango kwa kucha.

Nesi anayezunguka majumbani ndiye aliyempa wazo. Tengeneza naye albamu ya picha, alisema, mikono yake ipate kazi. Duka la albamu lilikuwa mbali na Araba hakuwa na wa kumwachia mgonjwa, kwa hiyo alitumia vilivyokuwamo ndani. Akakata maboksi ya biskuti yakawa kurasa, akayavika vitambaa, akayatoboa kwa msumari na kuyashona kwa uzi mnene. Gundi aliipika kwa unga wa muhogo, ikawa nzito kama uji wa mtoto. Mabango ya misiba yaliyokwisha kupita, yale makubwa ya rangi yanayobandikwa mitaani, akayakata maua na pembe za kushikia picha.

Maame alipewa kazi ya kuchana karatasi. Siku moja akaacha kuchana, akachukua kipande cha gazeti, akakisokota, akakunja ncha, kikawa kifuko kilichochongoka chini. Miaka mingi aliuza karanga za kukaanga mlangoni mwa shule, na vidole vilikuwa bado vinaijua kazi. Akasokota kingine, na kingine. Araba akavibandika kwenye kurasa viwe mifuko, akatia humo vitu vidogo: kifungo cha shati la marehemu baba, shanga za ubatizo, tiketi ya basi la Kumasi. Saa hizo nyumba ilitulia. Lakini gundi ilipokauka, Maame alisimama na kwenda kutikisa geti.

Ebo alikuja Jumamosi moja, amevaa nyeusi, akiwa njiani kwenda mazikoni. Araba alimwandalia dokono, donge la unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki. Ebo akaipekua albamu, akaipiga picha kwa simu.

"Hii nitawaonyesha watu wa kanisani. Una bahati wewe, dada. Kutwa nzima na Maame."

"Basi kaa naye wewe wiki moja."

"Na kazi je? We' unajua kazi yangu ilivyo."

"Mimi sikuwa na kazi?"

Ebo akacheka kidogo, akanawa mikono. Maame alikuwa ameinamia picha ya Araba siku ya kufungua kibanda, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, kacheka mpaka macho yamefumba.

"Huyu msichana alikwenda wapi?" akauliza.

"Si Araba huyo, Maame," Ebo akasema. "Huyu hapa mbele yako."

Maame akamtazama binti yake. "Hapana. Huyu ni yule mama anayenifungia."

Araba aliinuka. Alifungua geti, akaweka ufunguo mezani kando ya sahani ya Ebo, akatoka na kandambili zake. Alikwenda sokoni, akafungua kibanda, akakaa kwenye kiti chake katikati ya vumbi. Simu iliita na kuita. Aliilaza kifudifudi.

Aliporudi jioni alimkuta Ebo kibarazani, shati limepasuka begani, mazishi yamempita. Maame alikuwa amelala, macho yamevimba kwa kulia.

"Amenipiga," Ebo akasema. "Anasema mimi mwizi wa karanga."

"Najua."

"Kila siku yuko hivi?"

"Umekula?" Araba akamwuliza, akaanza kukusanya vyombo.

Ebo aliahidi kuja kila mwisho wa mwezi. Mwezi wa kwanza alikuja. Wa pili alisema gari bovu. Araba hakumgombeza. Alikodi mkokoteni, akahamisha cherehani kutoka kibandani, akaiweka kibarazani.

Gauni langu la Pasaka nilipimwa nimesimama nje. Araba alipitisha mikono kati ya nondo, akanizungushia futi kiunoni, na nyuma yake Maame alikuwa ameketi na gazeti mapajani, akisokota.

"Geuka," Araba akaniambia. "Usinitazame hivyo. Geuka nipime mgongo."